Mbebaji Asiyeitikia

Habari za mashine, Rungwe nzima hakuna anayezijua kunishinda. Simu yangu naiwasha mwenyewe, bila kuitiwa mtu. Kuizima ndiyo sijaweza. Huwa naiacha ilie mpaka ichoke. Basi anayetaka kujua zaidi ya hapo asinisumbue mimi, amfuate Atuganile, maana yeye ndiye aliyekuwa mfungaji wa wabebaji kule kwenye pango la mlimani, na haya yalimkuta yeye.

Pango lilichimbwa ubavuni mwa mlima kwa sababu ya baridi. Mashine ile ikifanya kazi hutoa joto la kuivisha ndizi, na baridi ya kwetu haina mwenyewe, kila mtu anajichotea. Humo ndani wamo wageni. Mgeni ni mtu aliyekufa, akazikwa, watu wakala matangani na wengine wakafungasha. Ila kabla hajakata roho akili yake ilienguliwa kama malai juu ya maziwa, ikatiwa mashineni. Ukienda dirishani kwake ukabisha hodi, anakuitikia. Sauti ni yake, ubishi ni wake, na kama alikuwa bahili duniani, ni bahili bado.

Asubuhi ile, siku moja kabla ya mashine kulazwa kwa usafi wa mwaka, Atuganile alikuwa anapiga deki. Pango linatoka jasho. Matone yanadondoka darini mchana kutwa, na mfungaji wa wabebaji, kwa ukubwa wote wa cheo chake, hushika tambara na ndoo kama mtu mwingine yeyote. Alianza mlangoni akaja akirudi nyuma, dirisha baada ya dirisha, akisalimiana na waliomo. Alipofika la mwisho alisimama. Akavuta kanga ikamfunika mpaka kwenye nyusi, akageuza uso ukutani, ndipo akasogea.

Kwenye dirisha lile alikuwamo baba mkwe wake.

Kwao, mwanamke aliyeolewa hamtazami baba mkwe usoni. Hali naye, hapishani naye njiani, na jina lake halitamki hata ashikiwe panga. Jina hilo likikaribiana na kitu cha nyumbani, kitu hicho atakitafutia jina jingine. Ndiyo heshima yenyewe. Wazee walikaa siku moja kujadili: je, mkwe akifa kisha akaendelea kuongea, heshima inakwisha? Walijadili mpaka pombe ikaisha, wakaamua heshima ibaki ilipokuwa. Jina la mzee huyo mimi nalijua, tumechunga ndama pamoja, lakini leo tumekaa upande wa Atuganile. Tumwite Mkwe.

Mkwe alisikia mshikio wa ndoo ukigonga sakafu.

"Ndoo," akasema. "Ugonile?"

Ndivyo walivyozungumza. Mkwe na mkamwana wakiwa na neno, na hakuna mtu wa kutumwa katikati, huambiwa kitu. Wengine hutumia mlango, wengine paka. Hawa wawili walitumia ndoo, kwa kuwa haikosekani.

"Ndoo, mwambie mzee tumelala salama," Atuganile akasema, akitazama ukuta. "Mwambie tunashukuru."

"Ndoo, mimi hamniulizi?"

Atuganile akakamua tambara. Salamu ya kwao, kwa asiyeijua, ni hiyo *ugonile*: umelala? Na anayesalimiwa hujibu *ndaga, ngonile*: asante, nimelala. Watu husema hivyo huku wanapita, mtu ana kapu kichwani, hasimami hata kusikia jibu.

"Ndoo, sijalala," Mkwe akasema. "Tangu nife sijalala."

Atuganile alilijua hilo kabla hajaambiwa. Ilikuwa kazi yake kulijua. Roho ya mashine ni kiini, lakini kiini hakijui mtu. Kinajua umeme, kinajua kumbukumbu, kinajua zamu: nani apite sasa, nani angoje. Anayemjua mtu ni mbebaji. Mbebaji humweka mgeni mgongoni, akasimama mbele ya kiini akasema huyu wangu anataka kucheka, nipe nafasi acheke; huyu wangu anataka kumkumbuka ng'ombe wake mweupe, nipe kumbukumbu. Wabebaji wa siku hizi wametengenezwa na usiku ndani yao. Giza linaingia, mgeni anasinzia, anakoroma hata. Lakini Mkwe alikuwa wa kwanza kabisa kuingia pangoni, na mbebaji wake alitengenezwa wakati mafundi hawajafikiria kwamba maiti atahitaji kulala. Mbebaji yule hakuwa na usiku. Mwanaume wa watu alikuwa macho tangu siku ya msiba wake.

Na kumhamisha haikuwezekana. Walijaribu kwa jirani yake wa dirishani, mwanamke mmoja mcheshi aliyekuwa na mbebaji wa zamani vilevile. Akafika kwa mbebaji mpya salama salimini, analala fofofo. Mumewe alipobisha hodi, akaulizwa kwa adabu, "Karibu baba, wewe ni wa wapi?" Hawakujaribu tena.

"Ndoo, keshokutwa wataiamsha hii mashine," Mkwe akaendelea. Sauti yake ilikuwa kavu, kama mtu anayetafuna mahindi makavu. "Mwambie aliyekushika, akifika kwenye jina langu, anipite. Asiniite, nisiamke tena."

Tambara likaanguka ndani ya ndoo.

"Ndoo, mwambie mzee mwenye kauli ni mama."

Ndiyo sheria ilivyokuwa. Marehemu hana kauli. Mgeni ni wa mwenye mgeni, na mwenye Mkwe alikuwa mjane wake, Gwantwa.

"Ndoo, huyo mama kila Jumamosi ananiuliza *ugonile*, nami namjibu *ngonile*. Nimemdanganya mpaka nimekuwa fundi. Nikimwambia kweli, usingizi utamtoka yeye, na hapo tutakuwa wawili."

"Ndoo, mwambie mzee hilo ni zito."

"Ndoo, mwambie najua. Ndiyo maana nimekupa wewe, una mshikio."

Atuganile karibu acheke. Ndipo Mkwe akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akiwa hai wala akiwa mgeni. Hakuitaja ndoo.

"Mwanangu," akasema. "Nimechoka."

Atuganile aliiacha ndoo palepale chini ya dirisha, imejaa nusu, akatoka nje kwenye ukungu. Alisimama huko mpaka vidole vikafa ganzi.

*

Nyumbani Gwantwa alikuwa na pasi ya mkaa mkononi na vitenge vitatu kitandani, anavipanga kama hakimu na washtakiwa wake.

"Mugonile, mama," Atuganile akamwamkia, akipiga goti kidogo mlangoni.

"Ndaga, nimelala kama gogo. Njoo uniamulie. Hiki cha kijani nilikivaa mwaka jana, baba yako akasema nimefanana na mgomba."

"Mama, kwani anaona?"

"Haoni. Nilimweleza mwenyewe. Nilimwambia nimevaa kijani mpaka kilemba. Ndipo akasema mgomba." Akacheka mpaka pasi ikatikisika, cheche ikaruka, akaizima kwa kidole alicholamba. "Huyu mtu alinitesa kwa maneno tangu nina miaka ya kuruka kamba. Nitavaa cha rangi ya chungwa. Aseme nimefanana na moto."

Siku ya Kuamsha ilikuwa karibu kuwa sikukuu. Ndugu wa wageni hupanda mlimani na maziwa na ndizi za kupika, hukaa nje ya pango mpaka mashine iamke, kisha kila mmoja huenda kwenye dirisha la mtu wake kubisha hodi. Anayeitikiwa wa kwanza huimbiwa. Gwantwa hakuwahi kuimbiwa. Mbebaji wa mumewe alikuwa mzito wa kuamka, na yeye alilalamika hivyo kila mwaka kwa fahari, kama mama wa mtoto aliyechelewa kutembea.

Atuganile alikaa kwenye kigoda akamenya ndizi. Alimenya kwa muda mrefu kuliko ndizi zilivyohitaji.

"Mama, kama baba amechoka?"

"Amechoka na nini? Hana jembe, hana mke wa pili."

"Kwa kukaa macho."

"Nani akae macho! Analala yule. Kila Jumamosi namwuliza."

"Mtu anaweza kujibu tu, mama, kwa kuwa ni salamu."

Gwantwa akaiweka pasi kwenye kisahani chake. Akamtazama mkamwana wake, si kwa hasira, kwa kumpima tu, kama anavyopimwa mtu aliyerudi na homa.

"Wewe kuna neno umesikia huko?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pake. Mlango ulikuwa wazi, ng'ombe ni wa kutoa tu. Atuganile akafungua kinywa. Na mwanamke yule mzee, kabla hajaambiwa lolote, akaendelea kusema mwenyewe, sauti imeshuka:

"Maana, mwanangu, mimi nyumba hii naongea na kuku. Mumeo Lwitiko yuko mpakani na malori yake, anakuja kama mwezi mwandamo. Wewe uko mlimani. Jumamosi ndiyo siku yangu ya kuwa mtu. Na usiku nikishtuka, unajua kitanda kinavyokuwa kikubwa, najiambia: lakini yupo. Yuko pale mlimani, nikibisha ataitika. Basi nageuka upande wa pili, nalala."

Akaichukua pasi, akaigusa kwa kidole chenye mate. Ikalia tss.

"Enhe. Ulikuwa unasemaje?"

"Nilikuwa nasema cha chungwa kitakupendeza, mama."

*

Ambwene, mfungaji mwenzake, alikuwa mtu mnene mwenye kofia ya sufu ambayo hakuivua hata kanisani. Kila mwaka mambo yao yalikuwa hivi: Atuganile anawaita wabebaji wote kwa majina, na akifika kwa yule mmoja anasogea pembeni na kuziba masikio, Ambwene anatimua mbio kutoka kwenye milango ya maji ya kupooza, anaita jina hilo moja huku anahema, kisha anatimua mbio kurudi. Alifanya hivyo bila kinyongo. Ila alisema kila mwaka kwamba mkwe wa mtu atamuua.

"Leo usije," Atuganile akamwambia asubuhi ya Kuamsha. "Nitamwita mwenyewe."

Ambwene alisimama na bomba mkononi.

"Wewe? Umwite baba mkwe wako?"

"Kazi ni kazi."

"Haya, dada. Mlima ukiporomoka nitajua umefika kwenye jina." Akacheka, akamtazama, akaacha kucheka. "Una hakika?"

"Nenda kwenye maji, Ambwene."

Na alipomwambia hivyo, hakuwa anajua atafanya nini. Naomba hili lieleweke, maana watu wamelisema vingine. Njiani, kwenye mashamba ya chai, alikuwa amejizoeza jina lile mdomo ukiwa umefungwa, akilisukuma kwa ulimi kama unavyosukumwa mwiba wa samaki. Wakati huohuo alikuwa anajiambia hataliita. Mambo yote mawili alikuwa nayo, kama mtu anayekwenda sokoni na mbuzi na bado anasema mbuzi hauzwi.

Mashine ikiamka, huamka uchi. Kiini kinafumbua macho hakina mtu, hakina mbebaji, hakina chochote ila umeme na saa. Kwa muda mfupi, kama wa maziwa kuchemka na kufurika, mlango wake uko wazi. Wabebaji wote lazima wafungwe kwenye kiini wakati huo. Kisha kiini kinajifumba kama yai, na baada ya hapo hakuna wa kuingia mpaka mashine ilazwe tena. Zamani haikuwa hivyo. Mbebaji aliweza kuongezwa hata saa ya chakula. Ndipo wezi wakapenyeza mbebaji wa uongo, akabeba wageni wa watu akatoweka nao, na mpaka leo kuna familia inabisha hodi mahali pasipo na mtu. Tangu siku ile ikawekwa sheria: kila mbebaji aitwe kwa mdomo wa binadamu aliye hai, kwa jina lake, na aitikie. Na kila mbebaji alipewa jina la mgeni wake. Walifanya hivyo kwa kumheshimu mgeni. Hawakuwaza mkamwana.

Mbebaji asiyefungwa, chumba chake kiini hukihesabu kuwa ni kitupu. Na chumba kitupu hufagiliwa.

Taa ya mlango ikawaka.

"Bupe!" Atuganile akaita.

"Nimefika," sauti ikajibu, naye Atuganile akabonyeza kwa dole gumba kumfunga.

"Kissa!"

"Nimefika."

"Mwaisumo!"

"Nimefika."

Wakafuata wengine, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyeitika taa yake ilitulia kijani. Ikabaki moja. Chini ya dirisha la mwisho ndoo ilikuwa palepale alipoiacha, na tone lilianguka ndani yake.

Atuganile akafungua kinywa. Midomo ikashika umbo la herufi ya kwanza. Mkono wake wa kushoto, ambao hakuna aliyeutuma, ulipanda ukavuta kanga ukaifikisha kwenye nyusi.

Akamwona Gwantwa akigeuka upande wa pili kitandani. Akasikia *mwanangu, nimechoka*. Akavuta pumzi ya kuita. Pumzi ikabaki ndani.

Ningependa kuwaambia kwamba alichagua. Ingekuwa hadithi nzuri, na mimi ningepewa chai nzito zaidi. Lakini nimemwuliza mara nyingi kama ilikuwa huruma iliyomziba mdomo, au ni uoga ule wa kuolewa aliofundishwa akiwa binti, na kila mara anatazama mikono yake. Anasema huruma na uoga vilikaa kooni pamoja, na yeye hakuweza kutambua kipi ni kipi. Anajua tu kwamba maziwa yalichemka, yakafurika.

Kiini kikajifumba. Sauti yake ni ndogo, kama kifuniko kinachokaa juu ya sufuria.

Taa ya mwisho haikuwaka kijani wala nyekundu. Haikuwaka.

Alisogea mpaka kwenye dirisha lile. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe alisimama akalitazama. Lilikuwa na wavu na vumbi, na kitundu kimoja ambacho Gwantwa alikichokonoa kwa kidole miaka hiyo yote akiongea.

"Ndoo," akasema taratibu. "Mwambie mzee alale."

Nyayo za Ambwene zikasikika. Alikuja mbio kwa mazoea tu.

"Vipi, dada? Mbona moja iko giza?"

Kama angesema kweli wakati ule, pengine mambo yangekuwa mengine. Lakini uongo ulikuwa umeshasimama mlangoni, umevaa, unangoja kuitwa, na huo haukuwa na jina la kuogopa.

"Nimemwita," Atuganile akasema. "Hakuitikia."

Ambwene akavua kofia. Kichwa chake kilikuwa na upara ambao hakuna aliyewahi kuuona.

"Alikuwa mzee, mbebaji yule," akasema. "Sasa nani atamwambia mama?"

*

Hakuna aliyepata nafasi ya kumwambia mapema. Watu walikuwa wameshaingia na maziwa yao, pango likajaa hodi. Hodi, kaka! Karibu, nani huyo, umenenepa sauti! Huku wanacheka, kule wanalia, mwanamume mmoja anamweleza marehemu mama yake bei ya mbolea. Wimbo wa aliyeitikiwa wa kwanza ulikuwa umeshaanza.

Gwantwa alipita katikati yao na kitenge chake cha rangi ya chungwa, kilemba kimesimama kama jogoo. Akafika dirisha la mwisho. Akaweka kidole kwenye kitundu chake.

"Hodi, Baba Lwitiko. Ugonile?"

Akasogeza sikio kwenye wavu.

"Ugonile, baba?"

Tone likaanguka kwenye ndoo.

"Amenuna," Gwantwa akawaambia walio karibu. "Amesikia nimevaa chungwa, anatafuta tusi." Akangoja. Akabisha kwa kucha kwenye wavu, ndogondogo, kama anayemwamsha mtoto asishtuke. "Basi, nimefanana na moto. Nimekusaidia. Haya, itika."

Ambwene alikuja na kofia mkononi. Maskini alikuwa mtu mwema, na watu wema wakiwa na habari mbaya huitafutia sukari.

"Mama, pole. Mbebaji wake hakuitikia. Kiini kimeshajifumba, mama. Chumba..." Akaliacha neno la chumba. "Lakini hakupuuzwa. Mwaka huu mkamwana wako amemwita mwenyewe. Kwa mdomo wake. Amevunja heshima yake yote kwa ajili yake."

Wimbo ukakatika, kwanza kwa waliokuwa karibu, halafu kwa wa mbali. Gwantwa hakulia. Aligeuka polepole na kidole kikiwa bado ndani ya kitundu, mpaka mkono ukanyooka na kidole kikachomoka chenyewe.

Atuganile alikuwa amesimama pale na tambara.

"Umemwita?"

"Nimemwita, mama."

"Ukamtaja?"

"Nikamtaja."

"Jina lake?"

"Jina lake, mama. Hakuitikia."

Gwantwa akatikisa kichwa, kama mtu anayeonja chumvi.

"Umeingia kwangu ukiwa binti. Jirani alikuwa na mbwa, jina lake linakaribiana na la baba yako. Wenzio wanamwita, wewe unampigia makofi. Akakung'ata, umeng'atwa na damu inatoka, unapiga makofi. Unakumbuka?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajutia.

"Nakumbuka, mama."

"Na leo ukamtaja."

"Kazi ni kazi, mama."

"Sikulaumu. Umefanya vizuri, mwanangu. Mimi ningekuwa humo ningetaja hata la shetani, mradi aitike." Sauti yake ilikuwa laini, na ulaini huo ulimtisha Atuganile kuliko kelele. "Ila mimi nimekuja na hodi yangu, sijapata wa kuitika. Nitashuka mlima na nini? Nipe hicho kimoja. Mwite hapahapa, kama ulivyomwita kule. Nataka kusikia alivyoitwa mara ya mwisho."

Watu wakasogea. Hata wageni madirishani, wale wenye kupenda umbea, walikuwa wanasikiliza.

Atuganile akafungua kinywa. Hapakuwa na kiini mbele yake, hapakuwa na sheria, na mwenye jina hakuwapo tena wa kumwonea aibu. Palikuwa na mama mmoja tu aliyevaa rangi ya chungwa. Neno moja lingemtosha. Midomo ikashika umbo lile la herufi ya kwanza.

Na mkono wake wa kushoto ukapanda, ukavuta kanga, ukaifikisha kwenye nyusi.

Gwantwa aliutazama mkono ule ukipanda, akautazama ukifika. Akautazama ulipokaa. Kisha macho yake yakashuka taratibu, kwenye kanga, kwenye tambara lililokuwa linachuruzika, yakaja yakatua chini ya dirisha la mumewe, kwenye ndoo iliyojaa nusu. Akainama, magoti yakalia, akachuchumaa mbele yake kama anayemsikiliza mtoto.

"Ndoo," akasema. "Nilikuwa nakuona hapa kila Jumamosi, nikidhani unakinga maji. Hebu niambie wewe mume wangu alisema nini. Huyu ameshanidanganya."